Nilivyomponda Mtoto Mbele ya Afisa

Mimi nauza milango. Si milango mipya. Mipya anauza kila mtu. Nauza milango iliyokwisha kufungwa na kufunguliwa na watu wengine. Nyumba ikibomolewa, hoteli ikipata mwenyewe mpya, ofisi ikihamia jengo jingine, mimi niko pale na lori la kukodi kabla vumbi halijatulia. Nyumbani nina uwanja wenye milango mia tatu, imesimama kwa mistari kama wanafunzi waliochelewa shule. Nilianza na mlango mmoja wa choo. Hilo nalisema kwa faida ya wanaodhani nilirithi.

Katika kazi hii kuna jambo moja, ukilijua umejua yote: kitu unachokitaka, kiponde. Ponda mali kufa kwaja, wanasema walevi. Sisi tunaponda mali ili tuipate. Ukikuta mlango wa mbao ngumu, mzito, umenyooka kama rula, moyo ukakudunda, hapo hapo unapiga mwayo. Unasema umepinda. Unauliza kama kuna mchwa. Unaugonga kwa kucha, unatikisa kichwa, unamwambia mwenye mali, "Huu nikiuchukua, nitakuwa nakusaidia kuzoa taka tu." Kadiri unavyoupenda ndivyo unavyouzulia kasoro. Nimefanya hivyo miaka ishirini na miwili. Mdomo umeshazoea, hauombi tena ruhusa kwa kichwa.

Mume wangu ni kinyozi. Ni mtu mpole, vichwa vya mtaa mzima vimepita mikononi mwake na hakuna hata kimoja kinachomlalamikia. Tulikaa miaka kumi na minne bila mtoto. Madaktari walitutajia magonjwa yote isipokuwa la kwetu. Siku moja alirudi kutoka kazini, akatundika koti, akasema, "Bibiye, tuasili mtoto," kama mtu anayesema tununue sukari.

Nikamuuliza maswali yangu: wapi, muda gani, masharti gani. Nchini kwetu foleni ilikuwa ndefu, tungepewa mtoto wakati sisi wenyewe tunahitaji kulelewa. Nchi ya jirani kulikuwa na kituo cha watoto kinachopokea waombaji kutoka nje, kwa sharti moja: mpewe mtoto, mkae naye kule kule miezi sita chini ya macho ya afisa wa ustawi wa jamii, ndipo hakimu aamue kama ni wenu.

"Na bei?" nikauliza.

"Hakuna bei. Anayetaja bei anafungwa."

Nisiwe mwongo, hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Kitu chenye bei najua pa kukishika. Kisicho na bei kinashikwa wapi?

Shangazi yangu hakuogopa chochote. "Miezi sita?" alisema. "Wenzako wanabeba mimba miezi tisa. Wewe hata mimba umepata punguzo! Nenda, mwanangu, kabla hawajabadili mawazo."

Nikamwachia mdogo wangu uwanja na agizo moja tu: asiuze mlango bila fremu yake. Wiki ya kwanza akauza mitatu bila fremu. Nikaenda ughaibuni, kama inafaa kuita ughaibuni mahali ambapo unafika na chai uliyofunga kwenye chupa bado ina moto.

*

Tulipanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mama mmoja fundi cherehani. Alikuwa na mashine nne na wasichana wanne, na zote nane zilipiga kelele kutoka asubuhi hadi jioni. Mlango wa chumba chetu ulikuwa wa karatasi iliyobanwa, umevimba chini kwa maji ya deki, kitasa kimeshikwa na msumari. Nilipouona nilimhurumia aliyeununua.

Vibali vyetu vya kukaa vilipigwa muhuri mwekundu: hawaruhusiwi kufanya kazi yoyote. Mume wangu, mikono ikimwasha, akawa anajinyoa ndevu mara mbili kwa siku. Mimi nilikuwa napita madukani napatana bei ya vitu nisivyovitaka, nikikubaliwa naondoka. Mazoezi tu. Mchezaji aliyefungiwa mechi si lazima akae kitandani.

Siku ya kupewa mtoto, mkuu wa kituo, mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza, alitoka naye amembeba begani. Mtoto wa kike, miezi minane. Akamtazama mume wangu. Akanitazama mimi. Akatazama dari, kisha pochi yangu, kisha viatu vyetu, taratibu, bila kucheka na mtu.

"Huyu ni mkaguzi," mume wangu akanong'ona. Jina likamganda hapo hapo.

Akawekwa mikononi mwangu. Kifuani mwangu kulikuwa na ng'ombe mzima anapiga mateke. Na mdomo, wenyewe, ukasema, "Mbona kichwa kikubwa hivi?"

Mkuu wa kituo akacheka, akadhani ni utani. Mume wangu akanikanyaga mguu.

*

Afisa wa ustawi alikuwa akija kila baada ya wiki mbili. Dada wa miaka thelathini na kitu, miwani, viatu visivyolia, na daftari ambalo hakuliweka chini hata alipopewa chai. Mume wangu alimwita Bi Kalamu, lakini kwa siri.

Ziara ya kwanza akakaa ukingoni mwa kiti, akauliza, "Mnaendeleaje na mtoto?"

Sasa, jaribuni kunielewa. Mbele yangu kuna mtu mwenye mali. Mali ninaitaka mpaka usingizi umenikimbia. Mtu huyo anaweza kusema ndiyo, anaweza kusema hapana. Mimi ningefanya nini?

Nikapiga mwayo. "Hivyo hivyo," nikasema. "Mchana halali. Halafu hili sikio la kushoto limekaa juu kuliko la kulia. Mliliona?"

"Hapana."

"Tazama vizuri. Na miguu hii. Sisemi ni matege. Ila sisemi si matege."

Akaandika. Nikaona anaandika sana, nikajua nimemshika.

Ziara ya pili akauliza kama anakula. "Anakula kama mgeni wa harusi ambaye hakuchangia," nikamjibu. Akauliza kama kuna jingine. "Nywele," nikasema. "Baba kinyozi, mtoto kipara. Wateja watasema nini?"

Ziara ya tatu nililalamikia sauti yake, akilia ni honi ya lori. Ya nne, akaniuliza moja kwa moja, huku amevua miwani: "Mama, una furaha na mtoto huyu?"

Swali gani hilo la kumuuliza mnunuzi? Ukisema ndiyo umekwisha. Nikapandisha mabega. "Tutaona," nikasema.

Akiisha kutoka nilikuwa namchukua Mkaguzi, namweka tumboni pangu, tunalala mpaka mashine za cherehani zinyamaze. Lakini hilo si la kumwonyesha mtu aliyeshika kalamu.

Mwisho wa mwezi wa pili tukaitwa kituoni. Sheria ya kule inataka waombaji wasomewe ripoti yao. Mkuu wa kituo akaisoma, na sauti yake ya kubembeleza sijui aliiweka wapi siku hiyo.

"Mama mwombaji ametaja kasoro kumi na saba za mtoto katika ziara nne. Hajataja jema hata moja. Alipoulizwa kama ana furaha, alijibu: tutaona." Akaikunja karatasi. "Mama, kuna mke na mume wengine wanasubiri mtoto. Ripoti ya pili ikija hivi, Mkaguzi wenu atarudi hapa. Mimi sitaweza kuwasaidia."

"Kumi na saba?" nikasema. Nilikuwa nahesabu vidoleni. "Mbona mimi napata kumi na tano?"

"Unabishania idadi!" mume wangu akapiga kelele. Miaka yote ya ndoa yetu, ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake ikiwa juu. Mtoto naye alishangaa, akamkagua upya.

*

Njiani tulikaa kwenye benchi la kituo cha basi, mabasi yakapita hatukupanda.

"Haya," mume wangu akasema. "Sema jema moja."

"Kwa nani?"

"Kwangu! Hakuna afisa hapa. Mtoto ana nini kizuri?"

Nikamtazama. Alikuwa amelala mdomo wazi mapajani pangu, mate yanachuruzika kwenye sketi. Maneno yalikuja, mengi tu, yakafika kooni, yakasimama kama mizigo mpakani.

"Si mbaya," nikasema.

"Si mbaya." Akajipiga paji la uso. "Mke wangu, Bi Kalamu akisikia hilo anakuja na gari la kumchukua."

"Kwani nifanyeje? Ndivyo nilivyo."

Akafikiri. Ukimuona kinyozi anafikiri, jihadhari. Wamezoea kufikiri mtu mwingine akiwa amefumba macho. "Ngoja," akasema. "Wewe wateja huwasifii milango?"

"Kila siku."

"Ile ile uliyoiponda ukiinunua?"

"Mlango ule ule."

"Basi, imekwisha. Msifie mtoto hivyo hivyo."

Nataka ieleweke kwamba wazo hilo lilikuwa lake.

Ziara ya tano nilijiandaa. Nilimwogesha Mkaguzi nikampaka mafuta mpaka anang'aa kama aliyepigwa vanishi. Mama Fundi alikuwa amemshonea gauni la njano kwa mabaki ya kitambaa cha mteja. Nikamkalisha dirishani, mwanga umwangukie ubavuni, kama ninavyosimamisha mlango ninaotaka utoke siku hiyo. Bi Kalamu hata hakubisha hodi mara ya pili.

"Karibu, dada! Karibu sana, ingia ndani ujionee mwenyewe!"

Akaingia kwa tahadhari, akamtafuta mume wangu kwa macho. Mume wangu alikuwa ananitikisia kichwa: endelea, endelea.

"Mtoto kama huyu hupati," nikasema. "Zunguka mji mzima, utarudi hapa hapa. Mifupa imara. Gusa! Gusa bila wasiwasi. Halii ovyo. Anakula kidogo, halafu anadumu."

"Anadumu?"

"Miaka na miaka! Huyu hata wajukuu zako watamkuta."

Kalamu ikasimama. Nilipaswa kunyamaza hapo. Ila nilikuwa nimeshapata moto, na ukipata moto maneno yanajiuza yenyewe.

"Mama," afisa akauliza polepole, "kuna mtu mwingine amekuja kumtazama mtoto huyu?"

Sasa ewe msomaji, kama umewahi kuuza hata nyanya, unajua jibu la swali hilo. Mteja akiuliza kama kuna mwingine, jibu ni moja duniani kote.

"Wengi!" nikasema. "Jana tu wamekuja wawili. Mmoja karibu aondoke naye."

Walikuwa wateja wa Mama Fundi, wamekuja kupimwa sare, mmoja akambeba mtoto dakika tano. Lakini hilo sikulisema, kwa sababu muuzaji hatoi maelezo yasiyoulizwa. Mume wangu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Bi Kalamu akafunga daftari, akasimama, chai ikiwa haijaguswa.

"Kesho saa tatu, ofisini kwangu," akasema. "Mje na mtoto. Na vitu vyake vyote."

*

Vitu vyake vyote vilikuwa mfuko mmoja: nguo kumi, chupa mbili, kijiko cha plastiki, na kitana cha mbao ambacho mume wangu alikichonga kwa ajili ya kichwa kisicho na nywele. Niliufunga mfuko, nikaufungua, nikaufunga tena. Mume wangu hakujinyoa asubuhi hiyo.

Ofisi ya ustawi ilikuwa chumba kirefu chenye meza tatu, mbili hazina watu. Bi Kalamu alitukalisha mbele yake. Hakutusalimu, alianza na swali.

"Mama, unamuuza mtoto huyu?"

Nikafungua mdomo. Mume wangu akaniziba, ziba ya kweli, kwa kiganja.

"Afisa," akasema, "mke wangu anauza milango."

Akaeleza yote. Akaeleza vibaya, kwa kigugumizi, akirudi nyuma na mbele: mchwa, mwayo, kuponda, kusifia, wateja wa uongo, sare. Akakiri kwamba wazo la pili lilikuwa lake, na hapo nikampenda upya. Alipomaliza, kiganja kilikuwa bado mdomoni pangu. Akakiondoa.

Bi Kalamu hakucheka. "Kwa hiyo maneno ya mwanzo yalikuwa ya kununua," akasema. "Na ya jana ya kuuza."

"Ndiyo," nikajibu.

"Na yako mwenyewe ni yapi?"

Nikatafuta. Miaka ishirini na miwili ya kuongea mchana kutwa, na sikupata hata moja. Mtoto alikuwa amekaa pajani pangu, anavuta uzi wa kifungo changu, anaukagua, anautia mdomoni.

Afisa akaegemea kiti, na uso wake ukabadilika. Ukawa mlegevu, kama hajali. Uso ule naujua. Ndio huo niliouvaa mimi maisha yangu yote.

"Sikilizeni," akasema. "Hakuna haja ya kugombana. Huyu ana kasoro kumi na saba. Chumba cha pili hapo nina mwingine, miezi mitano. Masikio sawa. Nywele tele. Analala usiku kucha. Mkaguzi mwacheni hapa, twendeni mkamtazame." Akatabasamu kidogo. "Kutazama si kununua, mama."

Jamani! Kutazama si kununua! Maneno hayo nimewaambia watu wangapi? Na nikwambie, mimi sijawahi kukataa kutazama. Hata kama lori limeshajaa, nitashuka, nitatazama. Mfanyabiashara asiyetazama mali ya pili ni mfanyabiashara aliyekufa.

Miguu haikunyanyuka.

"Sitaki kumwona," nikasema.

"Hata kumtazama tu?"

"Sitaki. Mpe mtu mwingine, naye huyo mtoto ana watu wake mahali."

"Ana nywele, mama."

"Awe na nywele za singa mpaka kiunoni! Nimesema sitaki." Sauti ilinitoka mbaya, ya mtu aliyekanyagwa. Nilikuwa nimemkumbatia mtoto mpaka akaanza kulia ile honi yake, na mfuko wa nguo nimeubana katikati ya miguu. "Huyu nimeshamzoea. Haondoki huyu. Iteni polisi mkitaka."

Mume wangu akawa anatazama sakafu. Bi Kalamu akachukua kalamu, akaandika mstari mmoja tu, mfupi. Sikujaribu kuusoma kinyumenyume, ingawa naweza.

"Ile ripoti ya kwanza siwezi kuichana," akasema. "Imeshapokelewa mahakamani. Nitaongeza muda wa uangalizi. Miezi miwili. Badala ya sita itakuwa minane."

Baada tu ya ile miezi sita, shule moja kongwe nyumbani ilikuwa ibomolewe. Milango sitini, mbao ngumu, na vitasa vyake vya shaba. Mdogo wangu alikuwa anapiga simu kila siku kuniambia mwenye zabuni ananisubiri mimi na mimi peke yangu, na kwamba nikikawia atampa yule jamaa wa mageti, mshindani wangu.

Mtu akikutajia miwili, unasema mmoja. Akikataa, unasema mmoja na nusu, unasimama kama unaondoka. Mume wangu alikuwa ameshafumba macho, anasubiri.

"Sawa," nikasema.

Akafumbua macho, akageuka kutazama nyuma kama kuna mtu mwingine aliyejibu.

Tulipotoka nilipita mbele ya kile chumba cha pili. Mlango ulikuwa wazi. Mimi siwezi kupita mlango bila kuutazama. Ndani kulikuwa na makabati ya mafaili na ndoo ya deki. Hakukuwa na mtoto wala harufu ya mtoto. Nikarudi hatua mbili, nikachungulia ofisini.

"Dada," nikamwambia, "ukichoka na kazi ya serikali, njoo kwangu nikupe uwanja."

Ndipo alipocheka.

*

Milango sitini ilienda kwa jamaa wa mageti. Nilimlaani alasiri nzima, kisha nikapika uji.

Siku ya mahakama Bi Kalamu alitangulia kufika. Alitungoja kwenye ngazi, akanivuta pembeni kwa mkono.

"Mama, leo wewe nyamaza. Baba ataongea."

"Na nikiulizwa?"

"Ndiyo au hapana. Usiongeze neno. Nakuomba kama dada yako."

Hakimu alikuwa mzee mwembamba mwenye mafua, akasoma karatasi zetu huku anapangusa pua. Akamuuliza mume wangu maswali sita, yote akayajibu kwa sauti ya chini kama anayeomba msamaha. Kisha akainua macho kwangu.

"Mama, umekaa na mtoto huyu miezi minane. Kuna kasoro yoyote uliyoiona, ambayo mahakama inapaswa kuijua?"

Nikamwona Bi Kalamu anafumba macho. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka wenyewe, kwa mazoea, pumzi ya mwayo imeshaingia.

"Hapana, mheshimiwa," nikasema.

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akagonga muhuri. Mume wangu akaangua kilio, kilio cha mtu mzima, mabega yanapanda na kushuka, leso haitoshi. Karani akamwinamia Bi Kalamu, akamuuliza kwa wasiwasi kama baba huyu ameelewa kwamba amekubaliwa.